Meza Tatu za Kuya: Nilivyofunzwa Kujificha Mjini Manila

Msomaji, hebu jifikirie uko ugenini usiku wa Jumamosi. Mvua imenyesha tangu adhuhuri. Maji yanapita katikati ya kichochoro, na nyaya za stima zimefumana juu ya kichwa chako kama nyavu za wavuvi. Hujui lugha ya watu wa hapo, wala hukumbuki vyema njia ya kurudi ulikofikia. Mara unasikia mlio unaoufahamu: ta! Mpira umegonga mpira. Ukigeuka unaona paa la mabati, na chini yake meza tatu zenye kitambaa cha kijani, kila moja na taa yake, na watu wamezizunguka wakiwa kimya kana kwamba wako kanisani.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Kuya, mjini Manila, Ufilipino, mwezi wa Septemba mwaka wa 2017. Nilikuwa nimeenda huko kwa mafunzo mafupi ya kazi na nilikuwa na jioni kadhaa za kupitisha. Sikujua kwamba ningerudi Nairobi na somo ambalo halikuwamo katika ratiba ya mafunzo yale: kuna wakati wa kupiga na kuna wakati wa kujificha, na kazi ngumu kabisa ni kujua wakati uliopo ni upi.

MATATU YA MANILA

Kabla hatujashika fimbo ya mchezo, acha nikutembeze kidogo. Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000. Manila ndio mji wake mkuu, na ukijumlisha miji mingine iliyoshikana nao, sensa ya mwaka wa 2020 ilipata wakazi zaidi ya milioni 13. Hao ni karibu mara tatu ya wakazi wa Nairobi. Kwa hivyo ukisikia Mnairobi akilalamikia msongamano wa magari, mwambie atembee aone.

Matatu ya huko huitwa jipni. Asili yake ni magari madogo ya kijeshi yaliyoachwa na Wamarekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia kumalizika mwaka wa 1945. Mafundi wa Manila waliyachukua, wakayarefusha nyuma, wakayatia viti viwili virefu vinavyotazamana, kisha wakayapaka rangi za kila aina, majina ya watakatifu na majina ya watoto wa mwenye gari. Mtu wa Eastlands hawezi kujiona mgeni mbele ya gari kama hilo.

Jambo moja tu lilinishangaza. Hakuna makanga. Ukiwa umeketi nyuma, unatoa nauli unampa jirani yako, naye anampa jirani yake, hivyo hivyo mpaka pesa zinamfikia dereva. Chenji nayo hurudi kwa mikono iyo hiyo. Nilicheka peke yangu nikifikiria noti ya shilingi mia ikisafiri namna hiyo kutoka kiti cha nyuma cha matatu ya kwetu.

Ilikuwa Septemba, lakini maduka yalikuwa tayari yakipiga nyimbo za Krismasi. Huko, mara tu majina ya miezi yanapoanza kuishia na "ber", sherehe imeanza. Nilishuka karibu na Quiapo, mtaa wenye kanisa maarufu na soko lisilolala, nikaanza kutembea bila mpango. Mvua ilinifukuza kutoka barabara kubwa hadi kichochoroni, na kichochoro kikanipeleka chini ya lile paa la mabati.

BAHARIA WA KILINDINI

Kuya si jina lake. Kwa lugha ya Kitagalogi, kuya ni kaka mkubwa, na dada mkubwa huitwa ate. Kila mtu pale mtaani alimwita hivyo mwenye meza, na mkewe, aliyekuwa akikaanga ndizi kando ya mlango, aliitwa Ate. Ndizi hizo huzungushiwa sukari mpaka zikawa nyekundu na kutungwa kwenye vijiti kama mishikaki. Nilinunua mbili, nikapewa kiti cha plastiki.

Kuya alikuwa mtu mfupi wa miaka 54, mikono yake migumu kama kamba ya nanga. Aliniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nilipotaja Kenya, aliruka.

"Mombasa!" alisema. "Jambo! Pole pole! Bei gani?"

Kumbe alikuwa ameishi baharini miaka 28. Mwaka wa 1996 meli yao ilikaa siku kumi na moja bandarini Kilindini ikishusha ngano. Aliikumbuka feri ya Likoni na jinsi watu wanavyoshuka wakikimbia kana kwamba wanafukuzwa. Aliyakumbuka madafu. Zaidi ya yote, aliikumbuka meza ya biliadi katika kituo kimoja cha mabaharia, ambapo yeye na wenzake walicheza kila jioni.

Si ajabu, msomaji. Wafilipino ni miongoni mwa mataifa yenye mabaharia wengi zaidi duniani, na mkazi yeyote wa Mombasa amewahi kuwaona wakipita mjini kwa makundi, wakitafuta kadi za simu. Lakini wengi wetu hatujui kwamba watu hawa wanaupenda mchezo wa biliadi kama sisi tunavyopenda mbio. Walitawaliwa na Wahispania kwa zaidi ya miaka 300, kisha na Wamarekani kuanzia mwaka wa 1898 hadi walipopata uhuru mwaka wa 1946. Mpaka leo fimbo ya mchezo huo huitwa tako, neno walilolirithi kwa Wahispania. Msomaji wa Kiswahili, usicheke. Mimi nilicheka, na nikashindwa kumweleza Kuya sababu.

MIPIRA TISA

Kwetu Kenya, mchezo ambao vijana huuita "pool" huchezwa kwa makundi mawili ya mipira, na mpira mweusi huwa wa mwisho. Wazazi wengi wakiiona meza hiyo huona uvivu. Huko Manila, kwa Kuya, mchezo ulikuwa wa mipira tisa tu, na meza ni kubwa kuliko zile tulizozoea kwenye baa: futi tisa kwa futi nne na nusu.

Sheria zake ni rahisi kueleza. Mipira ina namba kutoka moja hadi tisa na hupangwa kwa umbo la almasi, namba moja mbele na namba tisa katikati. Kila unapopiga, mpira mweupe ni lazima uguse kwanza ule wenye namba ndogo kabisa iliyobaki mezani. Ukiingiza mpira wowote kwa njia halali, unaendelea. Atakayeingiza namba tisa ndiye mshindi, hata kama yule mwenziwe ameingiza minane ya mwanzo. Ukiugusa mpira wa namba ndogo na namba tisa ikaingia kwa bahati hiyo hiyo, mchezo umekwisha.

Sasa sikiliza adhabu. Ukikosa kuugusa mpira unaotakiwa, au ukaugusa lakini pasiwe na mpira ulioingia shimoni wala uliogonga ukingo baada ya hapo, hilo ni kosa. Mwenzako huchukua mpira mweupe mkononi na kuuweka popote anapotaka. Kwa mchezaji hodari, hiyo ni kama kumkabidhi funguo za nyumba. Ukifanya makosa matatu mfululizo, umepoteza mchezo.

Hapo ndipo ujanja unapozaliwa. Kwa kuwa kosa lina adhabu kubwa hivyo, si lazima uingize mpira ili umwumize mwenzako. Unaweza kuugusa kidogo ule unaotakiwa, kisha ukauacha mpira mweupe nyuma ya mpira mwingine, mahali ambapo yeye hauoni anaotakiwa kuugonga. Umejificha, na yeye ndiye aliyefungiwa mlango.

MASWALI MANNE

Kuya alinipa afueni: yeye afikishe michezo saba, mimi mitatu tu. Atakayeshindwa atalipia meza na ndizi za watu wote waliokuwapo. Peso moja wakati huo ilikuwa kama shilingi mbili za Kenya, na watu waliokuwapo walikuwa kumi na wawili. Nilihesabu mfukoni kabla ya kukubali.

Nilipiga kila nilichokiona. Mpira ukiwa mbali, nilipiga. Ukiwa umebanwa ukingoni, nilipiga. Watoto walinishangilia. Lakini kila nilipokosa, mpira ulisimama mdomoni mwa shimo, na Kuya alikuja taratibu kama mtu anayekusanya nguo kambani, akaingiza hadi tisa. Nne kwa bila.

"Kwa nini hujifichi?" aliniuliza.

Nilimwambia kwetu mtu akijificha huitwa mwoga. Nilikuwa bado nasema hivyo nilipojikumbusha kwamba kwetu huko huko wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nikawatafsiria. Ate alipiga makofi na mwiko wake mkononi.

Kuya akaniweka kando ya meza, akanihesabia maswali manne kwa vidole. Nakuandikia kama alivyonipa, maana yatamfaa mwanafunzi kuliko vitabu vingi.

Swali la kwanza: ukiupiga mpira huu mara kumi, utaingia mara ngapi? Jibu kweli. Usihesabu siku yako nzuri ya mwaka jana. Hesabu mkono ulio nao leo, meza hii, kitambaa hiki kilicholowa unyevunyevu.

Swali la pili: ukiingia, mpira mweupe utasimama wapi? Mchezaji asiyeuona mpira unaofuata hajapata faida. Ameondoa tu kizuizi kimoja kwa ajili ya mwenzake.

Swali la tatu: ukikosa, unamwachia nini? Kuna kukosa kunakomwacha mwenzako bila kitu, na kuna kukosa kunakomfungulia meza yote. Yote mawili huitwa kukosa, lakini bei zake ni tofauti.

Swali la nne: je, kuna mahali pa kujificha? Mwanzoni mwa mchezo mipira ni mingi na vivuli ni vingi. Ikibaki miwili au mitatu, ukuta wa kujificha ni mwembamba. Kwa hivyo anayengoja mwisho ndipo ajifunze kujihami amechelewa.

Kisha akanionyesha kosa langu kubwa. Mpira wa sita na wa nane ulikuwa umeshikana ukingoni, haungii hata mmoja. Mimi, kwa pupa, nilikuwa nimeingiza wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne na wa tano, nikashangiliwa, kisha nikafika kwenye ile miwili nikakwama. Nilikuwa nimemfagilia Kuya nyumba. "Kama huoni njia mpaka tisa," alisema, "usiharakishe kuisafisha meza. Jifiche mapema, wakati bado una vichaka."

Akanifunza pia kwamba kujificha ni ufundi wenye sheria. Usijaribu kuongoza mipira miwili kwa pamoja. Chagua mmoja uuweke unapotaka, na mwingine uache uende mbali. Ukikosa ukuta, tumia umbali: mwachie mpira mweupe ukiwa umegandamana na ukingo huu, na anaoutaka uko ukingo ule. Na kila mara hakikisha kuna mpira utakaogonga ukingo, la sivyo umejificha na kujifunga mwenyewe.

Halafu kuna pigo analolipenda kuliko yote. Unapiga kwa nia ya kuingiza, lakini kwa kasi na pembe ambayo, hata ukikosa, mpira mweupe utaishia mafichoni. Aliliita pigo la njia mbili.

Nilianza kujiuliza maswali yale. Mchezo ulikuwa wa polepole, na watoto waliacha kunishangilia. Lakini nilishinda mmoja, halafu wa pili.

BINGWA ALIYELALA MEZANI

Ukutani kwa Kuya palikuwa na picha iliyokatwa gazetini ya mtu asiye na meno mengi mbele, akitabasamu. Nilimtambua: Efren Reyes.

Huyo alizaliwa mwaka wa 1954 katika mkoa wa Pampanga, akapelekwa Manila akiwa na umri wa miaka mitano kukaa na mjomba wake aliyekuwa na ukumbi wa biliadi. Alifanya kazi pale, na usiku alilala juu ya meza zile zile. Alipokuwa hafikii, alipanda juu ya kreti za soda. Mwaka wa 1994 alishinda mashindano ya wazi ya Marekani ya mipira tisa, mtu wa kwanza asiye Mmarekani kufanya hivyo. Mwaka wa 1996 huko Hong Kong alikutana na Mmarekani Earl Strickland katika pambano la kufikisha michezo 120, zawadi ikiwa dola 100,000 kwa mshindi pekee. Walicheza siku tatu. Reyes alishinda kwa 120 dhidi ya 117. Mwaka wa 1999 akawa bingwa wa dunia mjini Cardiff, Wales.

Lakini wanaoujua mchezo humsifu Reyes kwa jambo lingine: ukimficha, hutoka. Mwaka wa 1995 mjini Reno, Marekani, Strickland huyo huyo alimficha asiuone mpira wa tano. Reyes aliupiga mpira mweupe ukagonga ukingo mmoja, ukavuka meza ukagonga wa pili, ukaandika herufi Z juu ya kitambaa na kuutumbukiza ule wa tano shimoni. Mpaka leo wachezaji hulisimulia pigo hilo.

"Ndiyo maana sipendi mtu aseme kujificha ni usalama," Kuya alisema akiitazama picha. "Ni kumpa mwenzako swali gumu. Wako wanaolijibu."

BARUA YA WAKALA

Ilikuwa sita kwa mbili. Nilikuwa nataka mchezo mmoja tu, yeye pia mmoja. Wakati kijana mmoja akipanga mipira, Ate alisema neno kwa Kitagalogi, na watu wote wakanyamaza. Kuya alinitafsiria bila kunitazama.

"Anasema huwa nawafunza wageni wasipige kila mpira, na mimi mwenyewe je?"

Hapo ndipo nilipojua. Juu ya jokofu la soda palikuwa na barua. Wakala wa mabaharia alikuwa amemtafutia Kuya kazi melini kwa miezi tisa, na alitaka jibu kufikia Jumatatu. Binti yao alikuwa mwaka wa nne na wa mwisho chuoni, akisomea uuguzi, na karo ilikuwa bado. Meza tatu zile zililipa chakula na stima. Karo hazikuiweza.

Goti la Kuya lilikuwa limeharibika. Tena alikuwa baharini mama yake alipofariki, na habari ilimfikia wiki mbili baada ya mazishi. Aliporudi safari ile alimwahidi mkewe kwamba ni ya mwisho, akanunua meza.

Nilidhani mambo ni wazi: kwenda ni kushambulia, kubaki ni kujificha. Nikamwambia hivyo. Alitikisa kichwa.

"Kwangu ni kinyume," alisema. "Bahari naijua. Mshahara huja mwisho wa mwezi hata nikiwa nimelala. Miaka 28 nilijificha huko. Hizi meza ndizo nilizopiga bila kujua kama zitaingia."

Ate, akiwa bado anageuza ndizi, alisema kwa Kiingereza ili na mimi nisikie: "Swali la tatu hujalijibu. Goti likikushinda katikati ya bahari, utatuachia nini?"

Hakuna aliyesema kitu. Mipira ilikuwa imepangwa. Kuya akafungua mchezo.

PIGO LA MWISHO

Tulijificha, tukafichuana, tukapigana kwa dakika arobaini. Hatimaye ilibaki mipira mitatu: saba, nane na tisa. Zamu ilikuwa yangu. Wa saba ulikuwa mbali, shibiri moja kutoka ukingo wa juu. Wa nane na wa tisa ilikuwa karibu karibu katikati ya meza. Nikajiuliza: mara kumi, ungeingia mara ngapi? Mara tatu, na hapo nimejipendelea. Nikikosa? Wa saba ungeteremka hadi kwake. Mahali pa kujificha? Papo, nyuma ya nane na tisa.

Niliugusa wa saba pembeni tu. Mpira mweupe ukagonga ukingo wa juu, ukarudi polepole, ukapita kando ya nane na tisa, ukasimama nyuma yake. Watoto ambao walikuwa wamelala waliamshwa na kelele.

Kuya aliizunguka meza mara mbili. Alilala juu ya fimbo, akapima, akapaka chaki, akapima tena. Kisha akapiga mpira mweupe kwenye ukingo wa pembeni, ukatoka kwa pembe, ukakwepa nane, ukaupata wa saba mgongoni. Wa saba ukasafiri hadi mwisho mwingine wa meza, na mweupe ukabaki juu.

Sikuwa na kichaka tena. Nane na tisa zilikuwa upande mmoja, na njia ya kwenda kwa wa saba ilikuwa wazi. Mara kumi, ungeingia mara sita. Nikapiga. Uligonga mdomo wa shimo, ukatikisika kama mlevi mlangoni, ukabaki nje. Kuya akaingiza saba, nane, tisa. Saba kwa mbili.

Nililipa meza na ndizi za watu kumi na wawili. Kuya alinishika bega. "Mchezo wa kwanza ulipoteza kwa mpira usiostahili kupigwa," alisema. "Huu umepoteza kwa mpira uliostahili. Kesho utalala usingizi."

NJIA MBILI

Jumatatu jioni nilipita kuaga. Niliogopa kuuliza, lakini Kuya alinieleza mwenyewe. Hakukubali barua ile wala hakuikataa. Alimwandikia wakala kwamba yuko tayari kwenda miezi minne tu, kushika nafasi ya baharia atakayekuwa likizoni, baada ya daktari kulipima goti. "Wakikubali, karo imepatikana, na Ate atalinda meza," alisema. "Wakikataa, niko nyumbani, na sijafunga mlango wa wakala."

Pigo la njia mbili. Ate alinipa ndizi mbili za bure, akasema hilo angalau limejibu nusu ya swali lake.

Nilirudi Nairobi. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, Mfilipino Carlo Biado alitwaa ubingwa wa dunia wa mipira tisa mjini Doha, Qatar. Nilimtumia Kuya ujumbe wa pongezi, kana kwamba ni yeye aliyeshinda. Alijibu siku mbili baadaye. Wakala alikuwa ameikataa miezi minne. Wao waliuza meza moja, ile mpya iliyokuwa karibu na mlango, na binti akalipiwa karo hadi mwisho. "Zimebaki mbili," aliandika. "Sijaingiza mpira, lakini sijamwachia mtu mezani."

Msomaji, huenda hutapata nafasi ya kufika Manila. Safari ni ndefu, na msafiri wa kutoka Nairobi hubadilisha ndege, mara nyingi Dubai au Doha. Lakini ukienda, chagua miezi isiyo na mvua nyingi, kuanzia Desemba hadi Mei. Panda jipni, pitisha nauli ya jirani bila kuihesabu, na ukisikia mlio wa mpira kichochoroni, fuata. Utapewa kiti cha plastiki.

Na kama huendi kokote, kaa na maswali yale manne. Mwanafunzi anayechagua kozi, baba anayefikiria kuacha kazi afungue duka, mama anayeombwa mkopo na shemeji, wote wako mezani. Wapo watakaokushangilia ukipiga kila mpira, na wapo watakaokuita mwoga ukijificha. Wote hao hawatalipia meza. Utailipia wewe.

Mimi bado hucheza siku za Jumamosi, kwenye meza ndogo ya mtaani kwetu. Vijana hulalamika kwamba mchezo wangu unachosha. Wiki iliyopita mmoja wao aliniuliza kwa nini sikupiga mpira uliokuwa wazi. Nilimwambia ahesabu: mara kumi, ungeingia mara ngapi? Alifikiri kwa muda mrefu, akasema tano. Kisha, kabla sijamuuliza la pili, akaanza kuitazama meza upya.